Duka linanituma kiwandani, kiwanda kinanirudisha dukani: nifanyeje na trena yangu?

Kwako Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka South B, Nairobi. Mimi ni mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ya maabara katika zahanati moja ya hapa mjini. Nimeendesha baiskeli kwa miaka sita sasa, si kwa mashindano bali kwa afya na kwa raha yangu tu, na Desemba hii tumepanga, mimi na wenzangu wanne, kwenda kwa baiskeli kutoka Nairobi hadi Mombasa, safari ya takribani kilomita 480, kwa siku nne. Kwa kuwa hutoka kazini jua likiwa limeshatua, na kwa kuwa Barabara ya Mombasa saa mbili usiku si mahali pa mzazi kujaribia bahati yake kati ya malori na bodaboda, niliamua mwaka jana kununua trena, yaani ile mashine ambayo unaondoa gurudumu la nyuma la baiskeli, unaifunga fremu juu yake, nayo inakukazia au kukulegezea mzigo kulingana na programu iliyo kwenye simu. Mume wangu huiita "baiskeli isiyofika", ingawa ndiye aliyeibeba hadi ghorofa ya nne, na ina uzito wa kilo 18.

Niliinunua mwezi wa kumi katika duka moja la vifaa vya baiskeli hapa Nairobi kwa shilingi 138,000, nilizozilipa kwa M-Pesa siku mbili baada ya kupokea zamu yangu ya chama chetu cha kuchangiana fedha. Muuzaji aliniambia kwa kinywa chake kwamba ina waranti ya miezi 12 na kwamba wana fundi na vipuri vyake hapa hapa mjini, wala sina haja ya kuhangaika na watu wa ng'ambo. Maneno hayo ya fundi na vipuri yalikuwa pia kwenye tangazo lao.

Miezi mitano ya kwanza sikuwa na lalamiko lolote. Katika jaribio la dakika 20, ambalo hulifanya kila mwezi, nilikuwa natoa wastani wa wati 185, kiasi ambacho kwa mtu wa kilo 62 mwenye umri wangu kilinitosha kujisifu kidogo mbele ya wenzangu. Mwezi wa tatu zikashuka hadi 168, kisha 151, kisha 140. Nilidhani ni uchovu. Baadaye nikadhani ni upungufu wa damu, nikajichukulia damu mwenyewe kazini: himoglobini 13.4. Damu yangu ilikuwa nzima. Aliyekuwa mgonjwa ni mashine. Nilithibitisha hivyo Jumapili iliyofuata kwenye kilima chetu cha kule Ngong, ambacho kinapanda mita 200, kwani nilikimaliza kwa dakika 15 zile zile ninazotumia siku zote.

Baada ya hapo ikaanza sauti ya tik, tik, tik kutoka ndani, na kila ninapofikisha kama dakika 20 mzigo unakatika ghafla, pedali zinazunguka bure kama mnyororo umetoka, na mara moja nusura nigonge kidevu kwenye usukani.

Sasa sikiliza jinsi nilivyopigwa danadana. Niliandikia duka kwenye WhatsApp, na dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa adabu: "Tunafuatilia." Alifuatilia kwa wiki tatu. Mwishowe akaniambia waranti ni ya kiwanda, niwaandikie wenyewe. Nikajaza fomu ya kiwanda, nikapewa nambari ya lalamiko, na baada ya siku nne mtu mmoja akaniomba video. Nikaituma. Baada ya siku nane mtu mwingine, mwenye jina jingine, akaniomba video ile ile na kuniuliza kama nimesasisha programu ya ndani ya mashine, jambo nililokuwa nimelieleza katika ujumbe wa kwanza. Nikajibu siku hiyo hiyo. Wiki moja baadaye nikapata barua pepe isemayo kwamba kwa kuwa hawajasikia kutoka kwangu, lalamiko limefungwa. Nikafungua jingine, na jibu lake likawa kwamba mashine hiyo iliuzwa kupitia msambazaji, kwa hiyo nirudi kwa muuzaji. Nikarudi. Muuzaji akasema: "Sisi ni wauzaji tu, madam. Na pengine ni umeme wa kwenu."

Jumamosi iliyopita uvumilivu uliniisha, nikamtumia yule dada wa WhatsApp ujumbe wa sauti wa dakika mbili ambao sitapenda watoto wangu wausikie. Tangu hapo ujumbe wangu unaonyesha alama mbili za buluu, na jibu hakuna.

Naomba unisaidie. Je, ninayemdai ni nani hasa, duka au kiwanda? Kuna fundi wa vifaa vya umeme anayesema ataifungua na kuitengeneza kwa shilingi 3,500, je, nimpe? Kaka yangu naye ananishauri niiuze mtandaoni kimyakimya, nisahau. Desemba haiko mbali, nami sijui hata kama mazoezi ninayoyafanya yana maana.

Wako,
Mwenye Baiskeli Isiyofika, South B

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole kwa masaibu hayo, na hongera kwa kujipima damu kabla ya kuanza kumeza vidonge vya madini ya chuma, kwa maana wapo waendesha baiskeli waliobadilisha chakula, viatu na hata kocha kabla ya kushuku mashine.

Swali lako la kwanza ndilo lililobeba mengine yote. Unayemdai ni duka. Kiwanda hukukilipa shilingi hata moja. Uliyemlipa ni muuzaji wa hapa Nairobi, na mkataba wa mauzo ni kati yako na yeye. Sheria ya Kulinda Wateja, Nambari 46 ya mwaka 2012, inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi kwamba bidhaa aliyokuuzia ina ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno hilo wala kuliandika popote, na sharti lolote katika mkataba linalojaribu kukunyang'anya haki hiyo halina nguvu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji anaitakia. Juu ya sheria zote hizo kuna Katiba, ambayo Kifungu chake cha 46 kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Kwa hiyo mtu akikwambia "sisi ni wauzaji tu", anakiri jambo lile lile linalomfunga. Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya haki yako, si mbadala wake. Namna duka litakavyoelewana na msambazaji, na msambazaji na kiwanda, ni mambo yao wenyewe.

Ndiyo maana nakushauri uache leo kukiandikia kiwanda. Hata hivyo, usiyafute mawasiliano hayo. Ile barua pepe iliyokwambia urudi kwa muuzaji ni mali sasa, kwa sababu inaonyesha kwamba duka lilikutuma mahali ambapo hapakuwa na msaada, na kwamba ulikwenda kwa nia njema.

Kabla ya kuandika barua, hata hivyo, lazima ujiridhishe kwamba kosa halitoki kwako, kwa kuwa duka litaanzia hapo hapo. Naomba usikasirike, nimeona watu wakipigania haki yao kwa miezi mitatu, kisha ikagundulika kwamba simu ya mtoto katika chumba cha pili ndiyo iliyokuwa imeidaka trena kwa Bluetooth, maana mashine nyingi za namna hii huzungumza na kifaa kimoja tu kwa njia hiyo kwa wakati mmoja. Zima Bluetooth katika vifaa vyote vya nyumbani isipokuwa simu unayoitumia. Endesha kwa dakika 10 mashine ipate joto, kisha fanya kalibresheni, yaani kuisawazisha vipimo vyake, kama kitabu chake kinavyoelekeza, ile ambayo unaongeza kasi halafu unaacha kukanyaga hadi gurudumu zito la ndani lipungue kasi lenyewe. Ikigoma kumaliza au ikikupa onyo, piga picha ya kioo cha simu.

Sauti ya tik tik ina kipimo chake rahisi. Ondoa baiskeli juu ya trena, kisha uzungushe kwa mkono kaseti, yaani yale meno ya nyuma yanayoshika mnyororo. Sauti ikiendelea, kasoro iko ndani ya mashine, kwenye beringi au kwenye mkanda, na hakuna atakayeisingizia baiskeli yako. Ikitoweka, angalia kwanza kama pete inayofunga kaseti imelegea, kwa sababu pete iliyolegea hutoa mlio huo huo na huponywa kwa ufunguo wake katika dakika tano. Kuhusu mzigo unaokatika, ziondoe programu zote, uendeshe mashine ikiwa na umeme tu bila simu, kama yako inaruhusu hivyo. Ukikatika tena baada ya dakika zile zile 20, basi simu na intaneti zimeondolewa katika orodha ya washukiwa, na kilichobaki ni hitilafu inayotokea mashine inapopata joto.

Sasa nije kwenye zile wati, ambazo ndizo zilizonifurahisha zaidi katika barua yako, kwa kuwa umenipa ushahidi bila kujua. Umesema una kilo 62. Tuseme baiskeli, chupa za maji na viatu vinafanya jumla iwe kilo 72. Kuinua kilo 72 kwa mita 200 kunahitaji jouli zipatazo 141,000, na ukizigawa kwa sekunde 900, ambazo ni dakika zako 15, unapata wati 157. Hizo ni za kupanda tu. Hujahesabu msuguano wa matairi wala upepo, ambavyo kwenye kilima cha namna hiyo huongeza wati nyingine kama 30. Unarudi pale pale kwenye 185 zako za zamani. Mwanamke anayekwenda kilima hicho kwa muda huo hawezi kuwa na miguu ya wati 140, labda awe anasukumwa. Watengenezaji wengi wa trena hujitangazia usahihi wa kati ya asilimia 1 na 2.5; yako imekosea kwa karibu asilimia 24.

Hesabu hiyo inakutosha wewe na inanitosha mimi, lakini muuzaji anaweza kuibishia kwa kusema upepo ulikuwa mgongoni mwako. Katika kundi lenu la Jumapili hakosekani mtu mwenye pedali zenye kipima nguvu. Ziazime kwake kwa jioni moja. Zifunge kwenye baiskeli yako, endesha juu ya trena kwa nusu saa, pedali zikirekodi upande mmoja na trena upande mwingine, kisha hifadhi rekodi zote mbili. Pedali kwa kawaida huonyesha wati zaidi kidogo kuliko trena, kwa sababu sehemu ndogo ya nguvu hupotea kwenye mnyororo kabla ya kufika nyuma. Tofauti ya asilimia mbili, tatu hivi ni ya kawaida, wala usiilalamikie. Tofauti ya wati 40 haina mahali pa kujificha.

Rekodi pia video moja ndefu isiyokatwa. Ianzie kwenye nambari ya utambulisho iliyobandikwa chini ya trena, ipite kwenye saa, ikuonyeshe ukiendesha, na imalizikie pale mzigo unapokatika. Itakuwa ya nusu saa na itamchosha mtazamaji, lakini ile uliyowatumia, nadhani, ilimwonyesha mtu mwanamke anayekanyaga pedali haraka, basi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa methali hiyo nashauri uichukue kama ilivyo: nunua daftari. Andika tarehe ya kununua, tarehe kasoro ilipoonekana, kila ujumbe uliotuma na jibu lake, jina la aliyejibu kama lipo, na nambari zote mbili za malalamiko. Tafuta risiti ya ETR, yaani ile ya mashine ya kodi. Kama huioni, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha shilingi 138,000 kwenda kwa duka hilo itathibitisha malipo, nawe unaweza kulitaka duka likupe nakala ya risiti. Lile tangazo la fundi na vipuri kama bado lipo, lipige picha usiku huu kabla halijatoweka. Sheria ya Ushindani, Nambari 12 ya mwaka 2010, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu kuwapo kwa huduma ya matengenezo na vipuri, na hilo ni lalamiko linalojitegemea hata kama trena ingekuwa nzima.

Halafu uandike barua. Nasema barua, si ujumbe wa WhatsApp, kwa sababu WhatsApp ya duka hushikwa na mtu ambaye hana uwezo wa kukurudishia hata shilingi mia, ilhali barua iliyoelekezwa kwa mkurugenzi, ikapelekwa dukani kwa mkono na nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa, itafika kwenye meza yenye kalamu ya kutia sahihi. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa barua pepe rasmi ya kampuni na uhifadhi ushahidi wa kuituma. Iwe fupi, isizidi ukurasa mmoja, na isiwe na neno hata moja kuhusu jinsi ulivyoumia. Kitu kama hiki:

"Mnamo tarehe fulani niliwalipa shilingi 138,000 kwa trena yenye nambari fulani. Tangu mwezi wa tatu imekuwa ikionyesha kasoro, ambazo sasa ni tatu: inasoma nguvu pungufu kwa takribani asilimia 24, inatoa mlio kutoka ndani hata baiskeli ikiwa imeondolewa, na mzigo wake unakatika baada ya dakika 20. Ushahidi umeambatishwa. Niliwaarifu tarehe fulani, na mpaka leo haijakaguliwa. Naomba, katika siku 14 tangu kupokea barua hii, muichukue kwa gharama yenu na kuitengeneza au kunipa nyingine. Na kama hamwezi, mnirudishie fedha zangu. Siku hizo zikipita bila jibu nitapeleka suala hili kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na katika Mahakama ya Madai Madogo."

Sentensi ya mwisho usiiandike kama huna nia ya kuitimiza. Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya wateja moja kwa moja, bila wakili. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja. Kwa Nairobi mahakama hiyo iko Milimani, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa. Sikuhakikishii kwamba utashinda. Ninachoweza kukwambia ni kwamba wafanyabiashara wengi wanaojua kuandika "tunafuatilia" wanajua pia gharama ya kumpeleka wakili Milimani kwa ajili ya trena moja, na hesabu hiyo huifanya upesi.

Ukumbuke kwamba yote haya yanategemea kuwa ulinunua hapa nchini. Wapo wasomaji wanaoagiza mashine hizi Ulaya au Ghuba kwa sababu ni nafuu, na kwao hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa muuzaji hayuko karibu na mahakama zetu na nauli ya kurudisha mzigo wa kilo 18 peke yake inaweza kumeza thamani ya matengenezo. Wewe ulilipa zaidi ili uwe na mtu wa kumfuata mjini. Mfuate.

Kuhusu dai la umeme wa kwenu, usilidharau, kwani umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na wakati mwingine kishindo hicho huua vifaa. Lakini anayesema ndiye anayepaswa kuonyesha, naye hajaitia mashine macho. Waambie waifungue wao na waandike walichokiona. Ikirudi ikiwa nzima, ichomeke kwenye kile kifaa cha kinga ambacho wengi hufungia friji; gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na trena.

Fundi wa shilingi 3,500 usimpe. Sisemi hajui kazi. Inawezekana kabisa akakuta ni beringi ya shilingi mia tano na akaimaliza kabla ya chai ya saa kumi. Ila siku atakapotoa skrubu ya kwanza, duka litakuwa limepata jibu ambalo limekuwa likilitafuta tangu ulipoanza kulalamika. Hata wewe usiifungue, na stika yoyote iliyobandikwa kwenye maungio yake usiiguse. Kama boksi lake na yale maponji ya ndani bado yako juu ya kabati, yateremshe, utayahitaji siku ya kuisafirisha. Kama uliyatupa, litafute boksi gumu mapema, kwa sababu trena iliyovunjika mguu ndani ya gari la mizigo ni kesi nyingine.

Sasa yule dada wa WhatsApp. Hapa sitakuunga mkono. Ulipomtumia zile dakika mbili ulikuwa unamlipiza msichana ambaye, kwa dalili zote, ameagizwa aandike "tunafuatilia" na hajawahi kuonyeshwa huyo anayefuatiliwa. Si yeye aliyekuuzia, si yeye aliyeamua usihudumiwe, na mshahara wake sidhani kama unafika nusu ya bei ya trena. Mwandikie mstari mmoja, kwa maandishi: "Samahani kwa ujumbe wangu wa Jumamosi, hukustahili maneno yale, suala la mashine nitaliandikia uongozi." Usieleze zaidi, wala usiambatishe dai lolote. Unafanya hivyo kwanza kwa sababu ni haki yake. Pia, nikiri, ujumbe ule wa sauti unaweza kuchezwa mbele ya mtu mwingine siku moja, na ni afadhali ufuatwe na samahani kuliko kimya.

Kaka yako anakutakia mema, lakini ushauri wake ni wa kumhamishia mtu mwingine danadana yako. Atakayeinunua naye huenda ni mama aliyesubiri zamu yake ya chama. Kama mambo yatashindikana kote nawe ukaamua kuiuza, tangaza kasoro zake zote tatu na bei ya mashine mbovu. Wapo mafundi wanaonunua mashine kama hizo kwa ajili ya vipuri.

Umeniuliza pia kama mazoezi unayoyafanya yana maana. Yana maana, ila kwa sasa usipande tena juu ya mashine ambayo mzigo wake unakatika, hata kwa kupasha misuli, isipokuwa kwa ajili ya kurekodi ushahidi, na hapo kaa kitini, usisimame juu ya pedali. Kidevu kilichoponea chupuchupu mara moja kisirudishwe kwenye bahati nasibu. Kwa safari ya kilomita 120 kwa siku, kinachohitajika zaidi ya wati ni kuzoea kukaa juu ya tandiko kwa saa sita na kula njiani bila tumbo kulalamika, na hayo hujifunzwa barabarani mwishoni mwa wiki. Siku za kazi, kama kuna ngazi nyumbani kwenu, na umesema mko ghorofa ya nne, zipande kwa dakika 20 mara mbili kwa wiki, ukijipima kwa pumzi: uweze kusema sentensi fupi lakini usiweze kuimba. Kilima cha Ngong nacho kiendee mara moja kwa mwezi, uandike muda wake kwenye daftari lile lile la duka, ukurasa wa nyuma.